Kaka Zangu wa Bati

Naitwa Mbusa. Kwetu Wakonzo mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa, na Mbusa ni jina la mwana wa kiume wa sita. Sasa, mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mama yangu, tena wa pekee. Watu wakiniuliza kaka zangu watano wako wapi, huwajibu kwamba wanne wako nyumbani juu ya rafu, na mkubwa yuko Butembo. Wengine hunionea huruma. Acha nieleze.

Baba yangu, Kezironi, alikuwa fundi bati hapo Bwera, mpakani. Taa za mafuta, ndoo na makarai ndivyo vilivyotulisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari ya mashindano. Miaka ile ya sitini magari hayo yalipita upande wetu na kusimama Kasese kutia petroli, na baba alifunga karakana kwenda kuyaona. Wenzake walikwenda kupiga makofi, yeye alikwenda na kamba. Dereva akishuka kunywa maji, baba alikuwa tayari chini ya bampa anapima, mpaka polisi amvute miguu. Akirudi Bwera, kila shibiri ya gari la kweli aliigeuza kuwa upana wa kidole kimoja. Alikata makopo ya maziwa na madebe ya mafuta, akaunga kwa lehemu, na magurudumu akayachonga kutoka ndala zilizokatika.

La kwanza lilikuwa Pijo. Milango yake ilifunguka, na ukizungusha usukani wake, mdogo kama kifungo cha shati, magurudumu ya mbele yaligeuka. Mama yangu, Tabisa, ndiye aliyelipaka rangi na kuliandika namba ubavuni. Walikuwa wameoana miaka mingi na nyumba ilikuwa kimya. Baba akaliinua gari lile akasema, "Huyu ni Mumbere." Yaani mzaliwa wa kwanza. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wa mtu anayeumia.

Nyanya yangu Ketura, mama yake baba, alipandwa na hasira. "Wewe Kezironi, unapatia kopo jina ya mjukuu yangu?"

Mama alicheka, kisha akalia. Lakini jina likabaki, na mengine yakafuata. Folksi ikawa Bwambale, Kotina ikawa Masereka, Benzi ikawa Kule. Gari moja bapa, lisilo na paa, ambalo baba alilinakili kutoka picha ya gazeti, likawa Thembo. Mtaa mzima uliwateta. Mama aliniambia kwamba jioni za kupaka rangi ndizo zilizomzuia asivunjike moyo, na mimi namwamini.

Mtu mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Sosthène, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akipita na pikapu yake kwenda kununua chumvi Katwe. Yeye mwenyewe alikusanya magari madogo ya kiwandani, yale ya Ulaya, na alisema hajaona lolote linalomshinda Mumbere. Kila safari alisimama.

"Ndugu, ule mukubwa unauzisha ngapi?"

"Wewe unauza mtoto yako?" baba alimjibu.

"Basi unionyeshe tu." Akamshika, akamzungusha usukani, akamrudisha.

Mwaka wa 1969 mama akashika mimba, wakati watu walikuwa wamekwisha kuacha kuuliza. Uchungu ulimjia asubuhi, na kufikia adhuhuri mkunga akatoka nje akamwambia baba wazi kwamba mtoto amekaa vibaya, hili si la mikono yake. Mama apelekwe kwa daktari wa kupasua, hospitali ya misheni, njia ya Kasese, la sivyo watapotea wote wawili. Baba alikimbia barabarani. Bwera nzima siku ile haikuwa na gari. Mtu mwenye magari matano ndani alisimama pale akilia kama mtoto.

Ndipo pikapu ya Sosthène ikatokea, inarudi kwao, imejaa magunia ya chumvi. Baba hakumaliza hata kusema.

"Mama iko wapi? Mulete mbio! Chumvi itangoya."

Wakateremsha magunia kando ya karakana, wakamlaza mama juu ya godoro, na Sosthène akageuza gari. Huku nyuma mvua ilishuka kutoka milimani. Chumvi yote ikayeyuka na kuingia mtaroni. Jua lilipozama mama alikuwa mzima, nami nilikuwa nikipiga kelele.

Siku Sosthène alipoturudisha nyumbani, baba aliona magunia matupu. Aliingia ndani, akamtoa Mumbere kwenye rafu, akamkabidhi Sosthène kwa mikono miwili.

"Hapana, ndugu, huyu ni wako."

"Chukua. Nikikuambia asante tu, haitoshi."

Sosthène akampokea. "Nitamuchunga muzuri," akasema.

Nyanya hakupoteza muda. "Sasa ile kopo imeenda. Mpe mtoto jina yake, aitwe Mumbere."

"Mumbere hajakufa, mama," baba alisema. "Ameenda kulipia mdogo yake nauli. Nikimnyang'anya jina, akirudi nitamwangalia aje?"

Na alirudi, si kukaa bali kutusalimia kabla ya kwenda zake tena Butembo. Sosthène alipokuja tena kununua chumvi, Mumbere alikuwa mbele ya kioo cha pikapu, amefutwa vumbi, anang'aa. Baba alimpokea akamweka mahali pake, kando ya Bwambale, kisha akaninyanyua kutoka mgongoni mwa mama akanikalisha mwisho wa rafu, akinishika nisianguke. Mama alipita akitugusa mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, akamshukuru Mungu kwa wote sita.