Gita Nje ya Kizingiti cha Mama

Mama yangu alikuwa na sheria chache, na kila moja aliisema mara moja tu. Ugali hauliwi mtu amesimama. Mgeni haulizwi ataondoka lini. Na gita halivuki kizingiti cha nyumba yake. Hiyo ya mwisho hatukuuliza sababu, maana tuliiishi. Baba alikuwa mpiga gita wa bendi moja ya dansi pale Mwanjelwa, Mbeya. Bendi ikapata kazi Zambia, wakavuka mpaka pale Tunduma wakiimba, na mpaka leo Baba hajarudi kutuambia kazi ilikwendaje. Mama akabaki na watoto na shamba la viazi mlimani, juu ya Mbeya mjini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama hakushtuka tu, aliung'oa unyasi wote.

Sasa mimi, binti yake, mtu mzima mwenye mume na watoto wa sekondari, nikaenda kulipenda gita. Jamani, mambo mengine hayana mshauri.

Jambo hilo lilianzia dukani kwangu. Nina steshenari Kihesa, pale Iringa: kuchapa, kutoa kopi, kubaindi, picha za pasipoti. Mwanachuo mmoja aliniletea flashi akaniomba nimchapie kitabu kizima, akasema atakipitia jioni. Kilikuwa kitabu cha zamani cha kujifunzia gita, kimeandikwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, kwa lugha nisiyoijua hata salamu. Nikachapa, nikabaindi vizuri. Jioni hakuja. Hakuja wiki ile wala muhula ule. Kila mwenye steshenari ana rafu ya mayatima kama hao, na mimi wa kwangu huwa ninawasoma nikikosa wateja.

Ukurasa wa mbele kulikuwa na mchoro wa bwana mmoja mwenye koti refu na nywele za kuchanwa kwa bidii. Amekaa, gita limelala pajani, na mguu wa kushoto ameuweka juu ya kigoda. Kigoda! Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Bwana mkubwa na koti lake lote, kumbe anahitaji kigoda kama Mama anapomenya viazi.

Baada ya mchoro huo, kurasa kwa kurasa za mazoezi. Mafupi, nusu ukurasa, ukurasa mmoja, kila zoezi gumu kidogo kuliko lililotangulia. Nilimuonea huruma aliyeyatunga. Alikuwa amekaa mahali, kwenye baridi kama yetu, akifikiria kidole cha mtu ambaye hatamwona kamwe: leo tumfundishe hiki, kesho kile, asikate tamaa. Hicho ndicho kilichonishika. Mwalimu mvumilivu vile sikuwahi kumpata darasani.

Mwalimu wa shule jirani alikuwa anahama, akaniuzia gita lake la nyuzi za nailoni. Kwa video za mtandaoni nilijua kila nukta ya kitabuni inakaa kwenye uzi gani. Nikaweka kigoda, nikaweka mguu, nikaanza. Zoezi nililolipenda lilikuwa la taratibu, na hata kwa macho lilionekana zuri. Nukta nyingine zilikuwa na mikia inayotazama juu, nyingine inayotazama chini, zimekaa pamoja bila kugombana. Nilizipiga zote kama zilivyokuja, kwa nguvu moja.

Mume wangu alivumilia siku kadhaa. Kisha akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama watoto," akasema, "hiyo mashine ya kukoboa mahindi inazimwa saa ngapi?"

Nilimrushia kandambili. Lakini alisema kweli, na nililia kidogo alipoondoka. Siyo kwa sababu yake. Nilikuwa nimejiwekea ndoto ambayo sikumwambia mtu: siku moja nimpigie Mama hili zoezi, asikie kwamba gita linaweza kusema kitu kingine zaidi ya kwaheri. Sasa nitampigiaje mtu mahindi yanayokobolewa? Angenifukuza, tena kwa sababu mbili: gita lenyewe na kelele zake.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa kwaya yetu ya kanisani, na aliniokoa kwa kukosea.

Ni mzee wa Kihehe, mwalimu mstaafu, huja dukani kila wiki kutoa kopi za nyimbo. Kwaya yetu, kama kwaya nyingi za huku, inasoma nota za herufi, zile za do, re, mi. Za mistari mitano anazijua yeye peke yake, na hulijua hilo vizuri mno. Siku hiyo alikuta kitabu changu kimefunguliwa kaunta.

"Kamwene," akasalimia, macho yakiwa kitabuni. "Huu wimbo umeutoa wapi?"

"Siyo wimbo, mwalimu. Ni zoezi la gita."

"Gita gani?" Akavaa miwani. "Wewe huoni mikia? Ya juu ni soprano. Ya chini ni besi. Hizi za katikati ni alto na teno. Huyu bwana ametunga kwaya, ila alikuwa mbahili wa karatasi, akabana watu wote kwenye mistari mitano. Na hivi vinamba vidogo ni vya beti."

Vile vinamba vilikuwa vya vidole. Nilijua. Nilifungua mdomo kumwambia, nikaufunga, kwa sababu tayari alikuwa anaimba sauti ya chini, kwa kunong'ona, mkono unapima mwendo hewani, katikati ya duka langu lenye wateja. Na ilikuwa nzuri. Mungu wangu, ilikuwa nzuri! Nikamtolea kopi bure.

Jumamosi yake nikakuta zoezi langu ubaoni kanisani, limegeuzwa herufi, mistari minne, kila sauti na wa kwake. Tena lilikuwa na maneno, ameyatunga mwenyewe, ya shukrani ya mavuno: "Tumevuna, tumeshiba, nani atakaa kimya?" Soprano wakapandishwa juu wakapiga kelele kama kuku wanaofukuzwa bandani, akashusha wimbo wote chini, wakatulia. Besi wakalalamika kwamba noti zao ni ndefu, pumzi zinaisha.

"Vumilieni," akasema. "Ninyi ndio sakafu. Sakafu ikikatika, soprano watasimama wapi?"

Nilikuwa nimekaa kwenye alto, nywele zikanisimama. Sakafu! Mimi nyumbani nilikuwa ninaikata kila hatua. Kidole gumba kilikuwa kinapiga besi na kukimbia kama kinaogopa kushikwa. Na soprano, ambaye ndiye mwenye wimbo, nilikuwa nimempa nguvu ileile ya alto, tena alto ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia tu. Nilirudi nyumbani sikuvua hata kitenge, nikashika gita. Gumba nikaliacha likae. Sauti ya juu nikaisukuma mbele kidogo. Alto nikampoza. Ghafla ndani ya lile boksi wakawa watu wanne.

Mume wangu akaja mlangoni bila kikombe. "Hii kaseti umeitoa wapi?" akauliza, na aliuliza kweli, hakuwa anatania. Nilimrukia shingoni.

Mwalimu wa kwaya nilimwambia ukweli baadaye, kwamba ni zoezi la gita kwelikweli na vile vinamba ni vya vidole. Alifikiri kidogo.

"Basi huyo bwana hakujua alichokitunga," akasema. Huyo ndiye mwalimu wetu. Hajakosea hata leo.

Mwaka huohuo kwaya ikapata mwaliko wa kutembelea usharika mmoja wa Mbeya. Na usharika wenyewe, niambie kama Mungu hana utani, ni wa kijijini kwa Mama.

Ziara za kwaya mnazijua: sare mpya, basi la kukodi, vyungu vya chakula, na wageni kugawanywa nyumba kwa nyumba. Gita langu nikalificha buti ya basi, katikati ya mabegi na ngoma. Mwalimu wa kwaya akataka nilipige kanisani pamoja na wimbo. Nikakataa. Kumkuta Mama kanisani, mbele ya majirani wanaokumbuka Tunduma yote, hapana. Hiyo ingekuwa kumvizia.

Tuliimba bila chombo. Mama alikuwa benchi la tatu, kilemba cheupe, amekunja mikono. Tulipofika "nani atakaa kimya" mara ya pili, nikaona mdomo wake unacheza. Tulipotoka nje akanivuta pembeni.

"Huo wimbo wa mavuno ni namba ngapi kitabuni?"

"Haumo kitabuni, Mama."

"Haumo? Basi hicho kitabu ni cha bure," akasema. Akanifanya nimwimbie tena tukipanda mlima kuelekea nyumbani. Soprano wawili waliopangiwa kwake wakamsaidia, mpaka walipokata pumzi, maana mlima ule hauna adabu kwa wageni. Mama peke yake ndiye aliyefika juu bado anaimba.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye migomba. Wageni wetu walikuwa bado wamejifunika. Mama alikuwa jikoni kwenye kigoda chake, anamenya viazi, na anaimba ule wimbo kwa kufumba mdomo. Sehemu ya katikati, pale ambapo besi wanashuka, alikuwa anapotea. Anarudi mwanzo, anapotea tena, anasonya.

Nilisimama pale mlangoni moyo unanidunda kama wa mwizi. Nikajiambia, ama sasa ama nizeeke nalo. Nikateremka mbio mpaka kanisani lilikolala basi, nikamwamsha dereva, akafungua buti akinung'unika, nikapanda tena na gita mgongoni kama mtoto. Sikuingia ndani. Sheria ni sheria. Nilikaa barazani, kwenye benchi la nje, mguu wa kushoto juu ya tofali, nikaanza pale ambapo Mama alikuwa anapotea.

Kisu kikanyamaza jikoni.

Niliendelea. Vidole vilikuwa vya baridi na noti moja ilikwaruza. Nikamaliza, nikarudi mwanzo, maana nilijua nikinyamaza nitakimbia. Mama akatokea mlangoni, kisu mkononi, ganda la kiazi linaning'inia. Akasimama ndani ya kizingiti, mimi niko nje yake.

"Nani amelifundisha hilo gita wimbo wetu?"

Ningeweza kusema mwalimu wa kwaya. Ingepita hivyohivyo.

"Ni wa gita tangu mwanzo, Mama," nikasema. "Ulitungwa kwa ajili ya watu wanaojifunza. Sisi kwaya ndio tuliouazima."

Mama alitazama mkono wangu wa kulia, siyo uso wangu. Nikaelewa kwamba anakumbuka mkono mwingine, na nikaona aibu, nikaona huruma, nikataka kulirudisha gita kwenye buti na nisiliguse tena maisha yangu yote.

"Baba yako," akasema mwishowe, "hakuwahi kupiga kitu kwa utaratibu hivi. Yeye alikuwa na haraka siku zote." Akafuta kisu kwenye kanga. "Mbona umejipinda hivyo?"

"Tofali fupi, Mama. Kinatakiwa kigoda."

Akaingia ndani. Nikasikia viazi vinahamishwa. Akarudi na kigoda chake, kile cha viazi, kimelowa bado, akakisukuma kwa mguu mpaka kwangu.

"Haya. Rudia pale panapotelemka. Taratibu, mimi sina meno yote."

Nikapiga, akaimba. Alipopotea nilimngoja kwenye noti ndefu ya besi, gumba limetulia kabisa, mpaka akapata njia. Soprano wetu wawili wakatoka na mablanketi mabegani, wakaingia kwenye sauti zao bila kuulizwa. Jirani akachungulia juu ya ua. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kutaka kucheka katikati ya wimbo, na kweli nilicheka, nikaharibu, tukaanza upya.

Halafu ukungu ukageuka manyunyu. Matone yakaanza kutua kwenye ubao wa mbele wa gita, nikalifunika kwa kanga yangu, nikainuka kulipeleka kwa jirani likajisitiri. Mama alikuwa ameshageuka kurudi kwenye viazi vyake. Akasema bila kunitazama:

"Unalipeleka wapi? Lowesha mbao uone zitakavyopinda. Liingize ndani."

Sikuondoka pale nilipokuwa. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wewe, nimesema liingize! Liweke pale karibu na moto, siyo karibu sana." Akachukua kiazi kingine, akakichokoa jicho. "Ila siku likianza kuulizia njia ya Tunduma, nalitoa mwenyewe."