Habari za Mtwara

Nakumbuka asubuhi moja kule kwetu Muleba, mwanangu, nikiwa msichana aliyekwisha kuamua kwamba haendi popote. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu Mtwara, upande wa pili kabisa wa nchi. Baba alikuwa amefariki, kaka zangu wameoa na kuhama, na nyumbani tulibaki mimi na mama. Nikajiuliza: nikiondoka, nani atamkatia nyasi za kutandaza kwenye migomba, kule rweya, mbugani? Nikamwambia nitangoja nafasi ya Bukoba. Akaendelea kumenya ndizi. Mama yangu akiendelea na kazi hivyo, ujue jambo halijaisha.

Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye kibanja nakata majani makavu ya migomba, akaniita. Nikaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida, naye akanirudisha nje.

"Wageni hupita mbele," akasema.

Nikazunguka. Sebuleni alikuwa ametandaza nyasi mbichi sakafuni, kama tufanyavyo akija mtu mkubwa, na kando ya kiti cha marehemu baba ameweka kijikapu cha kahawa ya kutafuna. Nikaangaza huku na huku.

"Mgeni yuko wapi, mawe?" nikamuuliza mama kwa Kihaya.

"Ni wewe. Keti, waitu," akasema, kwa neno la heshima tunalomwita mkubwa.

Nikaketi na matope yangu miguuni. Mama akapiga magoti mbele yangu, akanikaribisha kahawa kwa mikono miwili. Mwanangu, wewe ni Mhaya, unajua nani humpigia nani magoti. Nilitamani ardhi inimeze.

"Habari za Mtwara?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Sijafika."

"Umekalia kiti, umetafuna kahawa yangu, na huna habari hata moja?" Akasimama, akajipangusa magoti. "Basi nenda ukaniletee. Nyasi za rweya nilizikata kabla hujazaliwa. Kama unaogopa, sema unaogopa. Usinisingizie mimi."

Nikaenda. Nililia ndani ya meli mpaka Mwanza, sikufichi. Mtwara nilikula muhogo hadi nikaota ndizi usingizini. Mwenzangu wa bweni, binti wa Newala, nilimkaribisha kahawa yetu, naye akadhani ni dawa ya homa, akaimeza kwa maji, punje baada ya punje, bila kulalamika. Tulicheka hadi mlezi wa bweni akatufokea. Mpaka leo huyo ndiye ninayempigia simu kwanza nikipatwa na jambo.

Niliporudi likizo, nilikuta nyasi mbichi sakafuni na kijikapu mahali pake. Mama akauliza tena habari za Mtwara. Safari hii nilisema hadi maharage yakaungua jikoni, naye hakuinuka. Korosho inakaaje mtini? Bahari ina chumvi kiasi gani? Wanawake wa huko wanasalimianaje? Hapo ndipo nilipomwelewa. Alitamani kuijua nchi hii maisha yake yote, na hakuwahi kuvuka Mwanza. Sijaona mtu mwingine mwenye moyo mkubwa namna ile.

Sasa nasikia wewe, mtoto wa rafiki yangu, umepangiwa chuo Songea, na unahangaika uhamishiwe hapa Bukoba kwa ajili ya mama yako. Mama yako nilimwona juzi kule Ijuganyondo akibeba mkungu wa ndizi kichwani, anatembea kunishinda. Muulize mwenyewe anachotaka, usimjibie. Ukigundua kwamba mwenye hofu ni wewe, usione haya. Iseme hofu hiyo, kisha ubebe begi uende nayo. Ukifika, kula chakula chao, jifunze salamu zao, na usijifungie na Wahaya wenzako tu.

Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu wema, akurudishe mzima ukiwa na mengi ya kusimulia. Kahawa yako naianika leo. Siku ukirudi, njoo kwangu hapa Nshambya, nami nitapiga magoti nikuulize habari za Songea. Upite mlango wa mbele.