Makabati ya mninga yalivyoning'inia juu ya mwanangu kwenye ukuta wa jipsamu

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta jikoni kwangu hapa Biharamulo, sijaongeza chumvi. Hasira bado ninayo, mtanivumilia.

Nyumba yetu ndogo. Baba Neema akaona tutenganishe sebule na jiko. Mafundi wa jipsamu wakasimamisha chaneli za chuma, wakafunika bodi pande mbili, wakapaka rangi. Safi kabisa.

Ila ndani ni uwazi mtupu. Ukigonga unalia kama debe.

Mama mkwe akatuletea zawadi toka Bukiriro: makabati mawili ya ukutani, mninga mtupu. Kubeba moja, wanaume wawili wanahema.

Aliyeyatengeneza ni binamu wa mume wangu, na ndiye aliyekuja kuyafunga. Amezoea nyumba za tofali huyo. Anatoboa, anachonga kigingi cha mti, anakigongelea kwenye tundu, skrubu inauma humo. Kwenye tofali sina ubishi.

Na ukuta wangu akaufanyia hivyo hivyo.

Akiwa anagonga nikasikia kitu kimedondoka ndani ya ukuta. Mara kingine.

"Shem, nini hicho?"

"Panya hao."

Nyumba yangu haina panya. Nikamwambia atafute chaneli, skrubu ziingie kwenye chuma.

"Shem, wewe pika. Nimeanza kufunga makabati uko chekechea."

Mama mkwe akayajaza kwa mkono wake. Maharage, unga, masufuria, vyungu. Amefurahi, mimi naanzia wapi kusema?

Sasa chini ya makabati ndipo Neema anapochezea mifuniko. Ana miezi kumi, anatambaa, ukimtoa anarudi palepale.

Siku ya tatu nikaona ufa kwenye rangi. Nikachora mstari wa penseli chini kidogo ya kabati.

Kesho yake mstari sikuuona. Kabati limeufunika.

Nikachora mwingine. Nao baada ya siku mbili ukafunikwa.

Wakuu, niliishi roho mkononi. Kuosha kikombe tu, mtoto yuko mgongoni. Kijiko kikigonga sahani nashtuka.

Nikamwonyesha Baba Neema ile mistari. "Umekuwa afisa ardhi, unapima ukuta? Mama tutamwambia zawadi yake mbovu?"

Jumapili baada ya misa wote wako sebuleni, mama mkwe na fundi wake. Nikapanda kiti nikaanza kushusha vitu.

"Mkamwana, unatupa vyakula vyangu?"

"Hapana mama. Namtoa mjukuu wako chini ya gogo."

Fundi akainuka amekasirika. "Kaa pembeni shem, nikuonyeshe kazi yangu."

Akashika kabati nililokwisha kulitoa vitu, tena tupu hilo, akavuta kidogo.

Likamjia zima, na vigingi vyake, na unga mweupe wa jipsamu. Baba Neema aliruka, wakalidaka wawili wakiwa wamepiga magoti.

Mama mkwe akainama akaanza kuokota mifuniko ya Neema pale chini, mmoja mmoja.

Tuliwarudisha mafundi wa jipsamu. Wakakata bodi, wakaweka mbao nene kati ya chaneli na chaneli, wakaifunga kwenye chuma kwa skrubu, wakarudishia bodi. Makabati yakafungwa kwenye hiyo mbao. Vitu vizito nimeweka chini. Mstari wangu mpya wa penseli bado nauona kila asubuhi.

Nilichojifunza: kabla fundi hajashika drili, muulize ndani ya ukuta kuna nini. Akishindwa kujibu, ashushe vifaa, hata kama ni ndugu. Na mimi nilikosea, nilivumilia wiki nzima nikiogopa kuudhi watu, mtoto yuko chini pale.

Wenye ukuta kama wangu, nendeni jikoni mkaangalie kwanza, halafu mje mseme mmekuta nini. Hata wa kunitukana karibuni.

Na shem kama unapita humu: bodi ilipokatwa, panya wako tuliwakuta. Vigingi sita.