Maombi ya Magurudumu

Jumamosi iliyopita, huku mtaani kwetu Mountain View, nilikuta watu wamelizunguka lori kuukuu la mzee jirani yangu. Lilikaa miaka juu ya mawe kwa sababu tairi za saizi yake hazipatikani tena. Sasa fundi alikuwa amelifungia magurudumu ya kisasa, rimu na tairi, ili lipeleke viti kwenye harusi ya bintiye mzee.

Kama tufanyavyo gari likiwa jipya, pasta aliitwa aombe.

"Hii lori iliombewa kitambo, Pasta," mzee akasema, akipapasa boneti. "Leo ombea tu hizi magurudumu."

Pasta akainama, akaliwekea mkono kila gurudumu. Tukaitikia amina. Mzee akapanda, akawasha. Lori likakohoa, likanyamaza.

"Na injini, Pasta?" mke wa mzee akauliza.

"Mama, si mliniambia magurudumu tu?"

Tulicheka hadi machozi. Kisha tukalisukuma na viti vyake, pasta akiwa amekunja mikono ya shati, mpaka kanisani kwenye harusi, pale chini ya mteremko. Lilibingirika kama mpira.

Mungu alijibu alichoombwa, wala hakuongeza.