Karo Zilizochaguliwa kwa Miguu

Mbao za sakafu ya jikoni kwetu, mtaani Murara, zilikuwa zimeoza hadi mawe ya volkano yakachungulia kwenye nyufa. Mimi na mume wangu tukakubaliana kuweka karo za vigae. Nilitaka nyeupe, zile zinazong'aa. Mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika lakini bado alipika mwenyewe sombe ya majani ya muhogo, hatukumuuliza. Asubuhi ya kwenda dukani tulimkuta mlangoni, amevaa kitenge chake kizuri.

"Munipeleke na mie," alisema. "Ni nani anashindaka mule jikoni?"

Kwenye duka moja la Majengo alivua viatu. "Papa," alimwambia muuzaji, "unipangie karo zako hapa chini, kisha uzimwangie maji."

Muuzaji alinitazama, nikainua mabega. Akazipanga. Mama akashika mkono wangu, akakanyaga ile nyeupe niliyoipenda. Mguu ulimteleza, akanining'inia begani.

"Hii ni ya batu ya salon, kule banapokea bageni," alisema, akacheka.

Akaendelea na nyingine, polepole, huku vidole vya miguu vikipapasa. Kwenye moja ya rangi ya majivu, isiyong'aa, alitulia. Kisha akafika kwenye yenye mistari ya kukwaruza, akarudi nyuma, akaikanyaga tena. Mara tatu. Nilianza kujiuliza anasikiliza nini.

"Tubebe zote mbili," alisema. "Hii laini kila fasi ya jikoni. Hii ya mistari, izunguke mbabula. Mguu ukikwaruzwa, nitajua moto uko karibu."

Mimi na mume wangu tulitazamana. Mwaka mzima tulikuwa tukimshika mkono kila alipokaribia makaa ya mbabula, na hatukuwahi kufikiri kwamba sakafu inaweza kumwambia.

Fundi, mtu wa Butembo asiyependa maneno mengi, alilalamika kwamba modeli mbili hazipatani. Hata hivyo alizipanga vizuri, na simenti ilipokauka mama aliingia peke yake. Alitembea, akasimama kwenye mstari wa kwanza, akanyoosha mkono: sufuria ilikuwa palepale.

Siku hiyo, wote walipotoka, nilivua viatu na kufumba macho. Nilihesabu hatua nne, nikaukosa mstari, nikagonga goti kwenye beseni la vyombo.

"Ni nani huyo?" mama aliuliza kutoka uani.

"Ni mie, mama. Niko najifunza."