Kosa la Ndaki Lilikuwa Kucheka

Siku hizi watu wa kigango chetu husimulia habari za Ndaki kana kwamba zilikuwa kichekesho tangu mwanzo hadi mwisho. Wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha wanaendelea na pombe zao. Hawasemi ni nani aliyemnyima ubatizo, wala alimnyima kwa kosa gani. Mimi Euphrasia nilikuwapo, na hasira bado ninayo, kwa hiyo nitasema.

Ndaki alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, mkulima wa pamba na mtama, mwenye mke mmoja, Justa, na ng'ombe wachache. Kijiji chetu kiko mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mhunze. Hapo Ndaki alijulikana kwa kazi moja kuliko zote: alikuwa manju wa kikundi cha kulima. Kwetu Usukumani mtu akizidiwa na shamba huwaita wenzake, nao huja na ngoma. Wanajipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, mengine yanarushwa juu na kudakwa, na manju anaimba huku akimtania kila mtu, akianza na mwenye shamba. Hiyo ndiyo bugobogobo. Shamba la siku nne humalizika kwa siku moja.

Nje ya shamba Ndaki alikuwa vilevile. Siku moja Padre alikuja kutoka misheni kwa pikipiki, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Ndaki aliisogelea pikipiki kwanza, akaiinamia, akaiamkia kwa Kisukuma kama anayemwamkia mama, "Mwangaluka, mayu. Pole kwa kumbeba." Ndipo akamgeukia Padre. Padre alicheka sana. Katekista wetu, Mwalimu Eustace, hakucheka.

Sasa sikilizeni. Mwaka huo wa 1953 Ndaki alikuwa amemaliza miaka minne ya mafundisho ya dini. Miaka minne, mtu mwenye mvi, akikaa chini na kukariri maswali na majibu pamoja na vijana. Jina lake lilikuwa limekwisha andikwa miongoni mwa watakaobatizwa Pasaka, naye alikuwa amejichagulia jina la Athanas. Na si yeye peke yake aliyengoja. Justa alibatizwa miaka sita nyuma, lakini kwa kuwa mumewe hakuwa Mkristo na ndoa yao haijabarikiwa, hakuruhusiwa kupokea Komunyo. Wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki benchini akitazama mikono yake. Siku Ndaki atakapobatizwa, ndoa ingebarikiwa, na Justa angeinuka na wengine. Hilo kila mtu kigangoni alilijua.

Mwalimu Eustace naye alilijua. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, msafi, mwenye mwandiko mzuri, na alifundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Ila alikuwa na imani moja ambayo sijui aliitoa wapi: kwamba Mkristo mtu mzima haonyeshi meno. Alituambia hakuna mahali katika Injili palipoandikwa kwamba Bwana wetu alicheka. Basi wala hapakuandikwa kwamba alipiga chafya, je, hakuwa na pua? Na arusini Kana alikwenda kufanya nini, kukaa pembeni na kununa? Watu wangemwalika mtu anayenuna? Maneno haya nilikuwa nayo moyoni tangu zamani, lakini ningemwambiaje katekista?

Mwaka huo mvua ilichelewa, ikanyesha vizuri wakati wa Kwaresima, wakati wa kufunga. Dada yangu Paskalina, niliyekuwa nikiishi naye, alikuwa mjane wa miezi kumi. Mumewe Valerian alikufa kwa homa huko Geita alikokwenda kutafuta kazi ya dhahabu. Juu ya hayo, dada alianguka akiteka maji akavunjika mkono. Watoto watatu, na matuta ya viazi hayajainuliwa. Anayejua kwetu anajua maana yake. Bila viazi hakuna michembe, vile vipande vya viazi tunavyokausha na kuweka akiba, na bila michembe kiangazi chote mnatazamana.

Mwalimu Eustace alitangaza kwamba Wakristo watamlimia Paskalina, lakini kwa namna ya Kwaresima: bila ngoma, bila nyimbo za dunia, bila utani. Tulikwenda watu kumi na wanne. Yeye alisimama kichwani mwa shamba na rozari, akaongoza Litania ya Watakatifu. Anataja mtakatifu, sisi tunajibu "utuombee", na kwa kila "utuombee" jembe moja linashuka. Jembe moja! Watakatifu wa litania, pamoja na wingi wao, hawamalizi tuta moja la udongo wa mbuga. Aliyekuwa mwepesi alimngoja aliye mzito, na aliye mzito alisinzia akiwa amesimama. Siku mbili tuliinua matuta sita. Siku ya tatu walikuja watu wanne, maana kila mtu alikuwa na shamba lake na mvua ilikuwa inaondoka. Sala ni sala, naipenda, nasali asubuhi na jioni. Lakini ule haukuwa wakati wa kuipima kwa majembe.

Jioni hiyo Ndaki alikwenda kwa Mwalimu, nami nilikuwapo, nimempelekea mayai.

"Mwalimu," alisema, "nipe ruhusa ya siku moja tu. Kikundi changu kiko tayari."

"Kwaresima haina ngoma."

"Njaa ya mwezi wa tisa haitauliza kama ilikuwa Kwaresima."

"Ukipiga ngoma katika shamba la Mkristo, Ndaki, ujue umelifuta jina lako kwa mkono wako mwenyewe."

Ndaki aliaga kwa adabu akaenda zake. Nyumbani alimweleza mkewe neno kwa neno. Justa mwenyewe aliniambia baadaye alichomjibu. Alimwambia, "Benchi nimelizoea. Wale watoto hawajaizoea njaa. Nenda."

Kesho yake jua halijachomoza tulisikia ngoma. Walikuja watu ishirini na wanane, wengi wao si Wakristo, majembe mabegani, miguuni wamefunga njuga. Ndaki alikuwa binamu ya Valerian, mtoto wa shangazi yake, na kwa desturi yetu binamu ni mtani; ana haki ya kusema lolote, hata kwa marehemu. Basi aliimba kwa Kisukuma akimwita Valerian huko aliko: "Wewe binamu, ulikwenda Geita kuchimba dhahabu, kumbe umemwachia mkeo achimbe viazi kwa mkono mmoja! Huko uliko, kama unalima, tunajua unalima umelala kama ulivyokuwa hapa!" Na kweli Valerian alikuwa mvivu wa jembe, Mungu amrehemu, kijiji kizima kilijua. Kikundi kikaitikia, majembe yakaruka juu yakang'aa, Ndaki akaonyesha jinsi Valerian alivyokuwa akilima matuta mawili kisha anatafuta kivuli.

Dada yangu alicheka. Nataka hili lieleweke. Kwa miezi kumi alikuwa hali vizuri, halali, anaitwa hasikii. Asubuhi ile alicheka mpaka akakaa chini udongoni, akalia, akacheka tena, akasema, "Ndivyo alivyokuwa! Ndivyo alivyokuwa mume wangu!" Usiku huo alikula sahani nzima ya ugali. Matuta yalikwisha kabla ya saa nane mchana, na jioni sisi wanawake tulikuwa tumemaliza kupanda marando ya viazi.

Jumapili, Padre akiwa misheni, Mwalimu Eustace alisimama mbele ya kanisa. Alisema kuna mtu amefanya mchezo juu ya marehemu, ndani ya Kwaresima, akawakosesha Wakristo. Akafungua daftari, akachukua kalamu, akachora mstari juu ya jina mbele ya macho yetu. Ndaki ataanza upya mwaka wa kwanza. Miaka minne mingine! Na ataacha ngoma na utani, la sivyo asikanyage tena darasani.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyosema. Ndaki alicheza kwao, akamlimia mjane, akafutwa. Na sisi? Paskalina alitaka kusimama, nikamshika nguo. Ndiyo, mimi. Niliogopa tusije tukafutwa na sisi. Watu themanini wenye vinywa walikaa kimya, na mimi nikiwa mmoja wao. Siwezi kumkasirikia Eustace peke yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Ndaki alitii. Ngoma yake aliwapa wengine. Alikaa na wa mwaka wa kwanza, magoti yake yamezidi mabega ya wenzake, akaanza tena: "Nani amekuumba?" Alipita njiani akiamkia watu kama karani. Watoto wakimfuata wakingoja neno, anaitikia shikamoo zao na kwenda zake. Mwalimu Eustace alifurahi, akasema, "Mnaona? Sasa anakuwa Mkristo." Mimi nilimwona mtu anayekauka. Justa aliniambia nyumbani kwake palikuwa kimya hata kuku wanashangaa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, Ndaki alishikwa na homa ya mapafu. Siku ya tano alikuwa hamjui mtu. Mwalimu Eustace alikuwa misheni kwenye mafungo, siku mbili za safari. Tulikaa kando ya kitanda, Justa, Paskalina na mimi, tukisikiliza pumzi inavyokwaruza. Paskalina akasema, "Huyu anakufa. Na hajabatizwa." Tukatazamana. Katekisimu inasema penye hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, na aliyetukaririsha jibu hilo mpaka tukaliota ni Eustace huyohuyo.

Dada yangu alichota maji mtungini kwa kata. Mkono wake uliowahi kuvunjika haukuimudu kata vizuri, maji yakawa mengi mno. Akamimina kwenye paji la uso, akasema, "Athanas, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana..." Hapo mgonjwa akafumbua jicho moja. Mwaka mzima hakuwa ametania. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Shemeji, punguza maji. Hunipandi mpunga."

Paskalina alicheka. Angefanyaje? Alicheka huku machozi yanamtiririka, akamimina yaliyobaki, akamaliza akicheka hivyohivyo: "...na la Roho Mtakatifu." Justa akasema amina. Alfajiri jasho lilimtoka mgonjwa, na homa ikaachia.

Mwalimu Eustace aliporudi tulidhani atamshukuru Mungu. Hakushukuru. Aliuliza kila mmoja wetu peke yake, kama karani wa baraza, kisha akatoa hukumu: ubatizo si halali. Sakramenti haiwezi kutolewa kwa kicheko. Ndaki atabaki Ndaki, na arudi mwaka wa kwanza. Nilimwambia, "Mwalimu, mtu alikuwa anakufa!" Akanijibu, "Mbona hakufa?" Nilitoka nje nisije nikamtia mkono usoni.

Safari hii sikunyamaza. Padre alipokuja juma moja kabla ya Pasaka, nilimngoja njiani peke yangu, nikamweleza yote, tangu matuta hadi kata ya maji. Alinisikiliza akiwa ameshika pikipiki yake. Kanisani alimwita Paskalina mbele ya watu wote.

"Maji yalimgusa?"

"Yalimlowesha, Padre, yeye na ngozi aliyolalia."

"Maneno uliyasema yote?"

"Yote."

"Ulikusudia kufanya nini?"

"Kumbatiza, Padre. Si kupanda mpunga."

Padre alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Alipovitoa macho yalikuwa yamelowa. Akasema, "Mtu huyu amebatizwa. Ubatizo haurudiwi. Mwalimu, andika." Kisha akasema palepale, kabla ya Misa, atabariki ndoa yao.

Eustace aliketi mezani na kitabu cha ubatizo. Nilijisogeza karibu, nilitaka kumwona akiandika. Athanas alikuwa amekonda, anasimama kwa fimbo. Akamwinamia akamwambia, "Mwalimu, andika taratibu. Ile mara ya kwanza uliandika haraka, ndiyo maana likafutika." Kanisa zima likaangua kicheko. Wapo wanaosema Eustace naye alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Huenda. Mimi wakati huo nilikuwa namtazama Justa.

Wakati wa Komunyo wenzake waliinuka, naye kwa mazoea akabaki ameketi. Mumewe akamshika mkono. Akaenda mbele, mara ya kwanza baada ya miaka saba. Sita ilikuwa ya sheria ya Kanisa, nayo naiheshimu. Ule wa saba ulikuwa wa Mwalimu Eustace, na mpaka leo sijasikia akimwomba mwanamke yule radhi.