Miche ya Emérence Ndani ya Sashe

Emérence wa mtaa wa Kasha hakuwahi kuamini kitu cha bure, na vita vilipofika Bukavu vilimwonyesha kwamba hakukosea. Kwa hiyo siku agronomu Raphaël, yaani bwana shamba, aliposhusha miche ya gerevilea pembeni ya mashamba ya Mudaka, wanawake wenzake waliikimbilia, yeye akabaki ameegemea jembe lake.

"Iko bure kabisa?" akauliza.

"Bure, maman. Leta njo inatoa," Raphaël akajibu, akimaanisha serikali.

"Leta gani? Ile ya Kinshasa ao hii yenye iko Bukavu?"

Raphaël akacheka, kisha akatazama nyuma yake. Waasi walikuwa wameushika mji, wakaweka gavana wao na watoza kodi wao, nao walitaka dunia iwaone ni serikali kama serikali nyingine. Swali kama lile liliweza kumpeleka mtu pabaya.

Mume wa Emérence, Didier, alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini. Kila asubuhi alivaa tai, kila jioni akarudi mikono mitupu, maana mshahara ulikuwa umebaki hadithi. Kilichowalisha watoto ni maharagwe ya Mudaka, na shamba lenyewe halikuwa lao. Lilikuwa la Papa Xavier, mshauri wa gavana, naye Emérence alilikodi kwa bwasa, yaani kwa msimu, kama wafanyavyo Bashi wasio na ardhi. Shamba lile likienda, hapakuwa na jingine.

Lakini Didier alikuwa na masikio. Alimweleza mke wake kwamba mwanzoni kule ofisini walizungumzia kodi ya malori ya makaa yanayoshuka barabara ya Kavumu. Wazungu walikuwa wanapiga kelele kwamba msitu unakwisha, na wakubwa walitaka kuwanyamazisha. Jambo zuri, ila malori yalikuwa ya maofisa wa jeshi. Papa Xavier akaingia kwenye mkutano, na kodi ikatoka humo na sura mpya. Sasa ingelipwa na mlima usio na miti. Tena si na mwenye mlima, bali na anayeulima. Atakayepanda miti, asamehewe.

"Iko politike tu," Didier alisema, akivua tai.

"Politike inakula maharagi yangu," Emérence akajibu. "Uniambie kwanza: juu ya nini Papa Xavier anapenda miti leo?"

Usingizi ukampaa. Kila mtu wa Bushi, nchi ya Bashi, anajua kwamba mwenye bwasa hapandi mti. Maharagwe sawa, viazi sawa, lakini mti hubaki msimu ukiisha, na aliyeupanda huanza kusema ardhi ni yake. Mwenye shamba akiukuta, ana ruhusa ya kukufukuza hata kabla ya mavuno. Baba yake Xavier aliwahi kumfukuza mjane kwa sababu ya mgomba mmoja! Sasa mwana anatoa amri ya kupanda kile ambacho desturi inakataza, na juma lililopita alionekana akiupima mlima kwa macho pamoja na wanaume wawili wenye viatu vya kijeshi. Usipopanda, utalipa kodi usiyo nayo. Ukipanda, utafukuzwa. Emérence alisikia harufu ya mtego.

Akaichukua miche. Akachimba mashimo mazuri, akaiingiza kila mmoja pamoja na ile sashe nyeusi ya plastiki iliyokulia, akafunika udongo juu hadi plastiki isionekane.

Kipande cha jirani, nacho cha Papa Xavier, kililimwa kwa bwasa na Godelive, rafiki yake. Walisaidiana kuzaa, waligawana chumvi, walikimbia mabomu pamoja. Emérence alifungua mdomo amwambie, akaufunga. Mume wa Godelive alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, nyumbani kwa Papa Xavier kila Jumapili, na Godelive mwenyewe hakujua kutunza neno. Nani angejua nani anamsemea nani? Akamwangalia rafiki yake akipasua sashe kwa meno na kuukandamiza udongo taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Mtoza kodi alikuja pamoja na Raphaël, akaona miti, akapita. Kila juma Emérence aliinyanyua miche yake na kukata kwa kisu mizizi iliyokuwa inatafuta njia ya kutoka. Ilimuuma kufanya hivyo, maana ilikuwa miche yenye afya.

Maharagwe yalipoanza kukauka, Papa Xavier akaja na shefu wa kijiji. Raphaël alikuwa nyuma yao.

"Hawa bamama banapanda miti mu shamba yangu," Xavier akasema. "Desturi iko wazi. Batoke, na maharagi ibakie."

"Leta njo ilituambia!" Godelive akalia. "Raphaël, sema!"

Raphaël akarudi hatua moja nyuma ya Xavier.

"Leta haikukushika mukono," shefu akasema. "Ungelipa kodi." Kisha akamgeukia Emérence. "Na wewe?"

Emérence akachuchumaa, akashika mche, akauvuta. Ukatoka mzima, udongo wake ndani ya plastiki. Akavuta wa pili.

"Mimi sikupanda, Papa Shefu. Niliwekea Leta miche yake. Inangoja mwenye shamba aseme atapanda wapi."

"Basi hauna miti!" Xavier akapaza sauti. "Lipa kodi!"

"Agronomu," Emérence akasema polepole, "mutu wa kodi alipita na wewe. Alisema hapa kuko miti ao hapana?"

Raphaël akajibu: "Alisema kuko."

Shefu akacheka. Hata yeye, aliyemwogopa Xavier, hakuona namna ya kusema kwamba miti ipo kwa ajili ya kumfukuza mtu na haipo kwa ajili ya kodi. Emérence akaachiwa hadi mwisho wa msimu. Wengine wote wakaambiwa waondoke siku hiyohiyo.

Godelive alimkuta Emérence akipangusa mikono.

"Ulijua."

"Sikujua, Gode. Nilishuku tu."

"Ulishuku Papa Xavier, sawa. Na mimi?"

Aibu ilimshika Emérence hadi shingoni. "Tugawane hii maharagi yangu," akasema. "Nusu kwa nusu."

Godelive akakaza kitenge, akaliweka jembe begani.

"Aksanti, dada. Lakini kila kitu yenye utanipa, nitaangalia kwanza chini kama kuko sashe."

Akaifuata njia ya Mudaka bila kugeuka. Emérence akaurudisha mche shimoni.